Mita 3, 7, 15 au 25: risasi zako chache uzipigie wapi?

Siku ya kwanza ya mafunzo, mkufunzi wetu, afande mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, hakuturuhusu kugusa bastola hata kidogo. Alitupa kazi ya nyumbani. “Nendeni na tepu ya fundi,” akasema. “Jumamosi mniletee vipimo vya mahali mnapoishi na mnapofanyia kazi. Kitanda hadi mlango. Mlango hadi geti. Kaunta hadi mteja.”

Tulicheka. Nilipopima nikaacha kucheka. Ninakaa kwenye fleti ya vyumba viwili Donholm, Nairobi. Kutoka kitandani hadi mlango wa chumba ni mita 3 na ushee, na mstari mrefu kuliko yote humo ndani, kutoka dirisha la jikoni hadi mlango wa baraza, ni mita 8 na nusu. Mwenzangu wa Ruai, mwenye ploti ya 50 kwa 100 (hizo ni futi, kwa mita ni kama 15 kwa 30), alirudi na mita 19 kutoka kibarazani hadi getini. Mama mmoja mwenye duka la jumla upande wa Nyamakima alileta namba moja tu: mita 1 na nusu, kutoka kwake hadi kwenye grili wanaposimama wateja.

Watu watatu, namba tatu zisizofanana. Lakini tulipofika kwenye uwanja wa kulenga shabaha Jumamosi hiyo tulikuta mabango yote yametundikwa mita 7. Ukiuliza kwa nini 7, unaambiwa ndivyo ilivyo.

Mwenye bastola halali Nairobi hana risasi za kuchezea. Cheti anachopewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinataja kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuwa nacho, bei yenyewe inauma, na safari ya kwenda kulenga shabaha upande wa Kirigiti na kurudi inakula nusu siku ukikutana na msongamano. Kwa hivyo sioni maana ya kubishana ni umbali gani ulio bora. La kuamua ni namna ya kugawa boksi moja la risasi 50.

Kabla ya kugawa, hesabu ndogo. Bastola ya kawaida ya milimita 9 ina kijino cha kulengea mbele na pengo nyuma, na kati yao ni kama milimita 160. Unapofinya triga vibaya, kijino cha mbele kinahama. Tuseme kimehama milimita 1 tu, zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki. Kosa hilo linakua kadiri risasi inavyosafiri:

Mita 3: risasi inapotoka kwa sentimita 2 hivi
Mita 7: sentimita 4.4
Mita 15: sentimita 9.4
Mita 25: sentimita 15.6

Sasa weka chapati juu ya bango. Katika mashindano ya IDPA, chama cha kimataifa cha bastola za kujilinda, ambayo hata hapa Kenya yana wapenzi wake, sehemu ya kifua inayohesabiwa kuwa sahihi kabisa ni duara la sentimita 20, yaani chapati ya kibandani. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 10. Kosa la milimita 1 ukiwa mita 3, chapati haina habari. Ukiwa mita 15 unagusa ukingo. Ukiwa mita 25 risasi imeshaipita chapati na inaelekea mtaani, na mtaa wa Nairobi hauna nyuma iliyo tupu. Kuna muuza mahindi choma, kuna boda, kuna jirani nyuma ya ukuta wa mabati ambao hauzuii chochote.

Mita 3

Huu ndio umbali wa kaunta, wa mlango wa chumba, wa mtu anayekuuliza saa ngapi huku akisogea. Gari la Probox zima halienei hapa. Na hapa wakati ni mfupi kuliko watu wanavyodhani: mtu aliyeamua kukuvamia anazimaliza mita 3 ndani ya sekunde moja, ilhali kuitoa bastola chini ya shati na kuielekeza inamchukua mtu wa kawaida, aliyezoea, sekunde moja na nusu au mbili. Maana yake, kwa umbali huu mara nyingi jibu la kwanza ni mkono, ni kusogea kando, ni kuweka kaunta au boneti ya gari katikati yenu. Bastola inakuja baadaye, kama inakuja kabisa.

Ndiyo maana naiona mita 3 kuwa umbali wa kufundisha mwili. Miguu isogee, shati lipande, mkono ushike mpini sawasawa, kidole kikae nje ya triga mpaka uamuzi umefanyika. Mambo hayo hayahitaji baruti. Yanahitaji kurudiwa mara mia nyumbani na bastola tupu: magazini imetolewa, chemba imeangaliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi zote ziko chumba kingine, na mtutu unaelekea ukuta wa mawe ambao nyuma yake hakulali mtu. Dakika kumi jioni, kisha unafunga silaha kwenye sefu na hurudii “mara moja tu ya mwisho”. Hiyo mara moja ya mwisho, baada ya kujaza risasi, ndiyo iliyotoboa televisheni nyingi.

Ubaya wa mita 3 ni kwamba inasifia kila mtu. Risasi zote zinaangukia mahali pamoja hata ukifinya triga kama unayeminya tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha. Unapiga picha ya karatasi, unaweka kwenye status, marafiki wanakuita kamanda. Nimefanya hivyo, na nitasimulia nilivyoadhirika hapo mbele.

Kwa hiyo usimalizie boksi lako hapa. Risasi 10 zinatosha, za kuthibitisha kuwa ulichofanya nyumbani bila baruti bado kinafanyika pamoja na mlio na lile teke la mkononi. Na uulize kwanza: viwanja vingi havimruhusu mgeni kuchomoa bastola kiunoni na kufyatua. Ukikatazwa, usinune. Anza ukiwa tayari umeishika, mtutu chini.

Mita 7

Umbali huu tumeurithi. Ni yadi 7 za Wamarekani, mita 6.4 kamili, sawa na futi 21. Namba ya futi 21 ilipata umaarufu mwaka 1983, pale Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, alipoandika kuhusu jaribio alilofanya: mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21 kwa kama sekunde moja na nusu, muda uleule ambao askari aliyefunzwa anahitaji kuchomoa na kupiga. Basi. Alikuwa akionya kwamba kisu kilicho mbali hivyo bado ni hatari. Watu wakaigeuza kuwa mpaka, kana kwamba aliyevuka futi 21 ameshahukumiwa. Hakuna mahakama ya Kibera wala ya Makadara itakayoupokea utetezi wa namna hiyo.

Hata hivyo 7 si namba mbaya. Kwenye sebule nyingi za Nairobi ndipo mstari mrefu unapoishia. Ni karibu kiasi kwamba bado unaweza kufanya haraka, na ni mbali kiasi kwamba ukiacha kukitazama kijino cha mbele, karatasi inakusengenya. Hata mtihani wa bastola wa FBI, ulipobadilishwa mwaka 2013, ulisogeza risasi nyingi kati ya yadi 3 na 7. Ila wanaopenda kuutaja husahau nusu ya pili: yadi 50 ziliondolewa, lakini 25 zikabaki.

Kama ungekuwa na umbali mmoja tu maishani, ningekuambia uchukue huu. Tatizo ni starehe. Nawajua watu wenye leseni kwa miaka kumi ambao hawajawahi kurudi nyuma hatua moja kutoka hapo. Wanakuja na boksi, wanatoboa karatasi katikati, wanakunywa soda, wanaondoka. Wanachofanyia mazoezi ni kuridhika.

Jaribu kitu kingine kabla ya kuamua kwamba 7 ni yako. Usiku, stima ikipotea, simama mwisho wa ukumbi wako, mtu wa nyumbani asimame upande wa pili akiwa ameshika kitu usichokijua. Bastola iko kwenye sefu, hili ni jaribio la macho tu. Je, ni simu au ni kisu? Ni shemeji aliyekuja kuomba maji au ni mtu usiyemjua? Mimi kwa mita 7 gizani nilishindwa kutofautisha mwiko na tochi. Tangu siku hiyo tochi nzuri ilinunuliwa kabla ya boksi jingine la risasi.

Mita 15

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza.

Ilikuwa mara yangu ya nne uwanjani. Kwa mita 3 niliweka risasi kumi ndani ya andazi. Kwa mita 7 nilijaza chapati. Afande alikuja akasimama nyuma yangu, akaangalia karatasi, akatia mikono mfukoni. “Bwana mdogo, umejitahidi,” akasema. “Sasa mpelekee huyo bango lake nyuma.” Nikalipeleka mita 15. Nikapiga kumi. Nilipokwenda kuangalia, chapati ilikuwa na tundu 3. Nyingine 5 zilikuwa chini upande wa kushoto, zimejipanga kama watoto wanaosubiri uji. Mbili sijui ziliko hadi leo, na zile mbili ndizo zilizoninyima usingizi. Uwanjani kulikuwa na tuta la udongo. Donholm hakuna tuta.

Afande hakunipa hotuba. Alichukua magazini yangu, akageuka, akapanga risasi halisi na za bandia bila mimi kuona, akanirudishia. “Piga polepole.” Ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa bandia, na hapo nikajiona: triga ilipofika mwisho pasipo mlio, mtutu ulichota chini kama kuku anayedonoa. Hakukuwa na teke lolote la kuusukuma. Ni mimi niliyeuinamisha, mwili ukilijibu teke ambalo halijaja. Kwa anayetumia mkono wa kulia, hilo ndilo linalopeleka risasi chini kushoto, na nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Mita 3 iliniona ikanyamaza. Mita 7 nayo ikanisitiri kwa adabu.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema mita 15 ni ya wanamichezo na haina kazi kwa kujilinda. Ukiisahihisha triga kwa 15, ya 7 inajirekebisha yenyewe. Kinyume chake hakitokei. Isitoshe, 15 ina vipimo vyake Nairobi: kutoka mlango wa nyuma hadi chumba cha mlinzi kwenye ploti za Ruai na Kamulu, urefu wa maegesho ya chini ya fleti, upana wa barabara ya mtaa pamoja na mitaro yake.

Ina adha zake. Kwanza inachosha. Baada ya risasi 15 za kulenga kwa makini mikono inatetemeka, na kuendelea ni kujifunza kutetemeka. Pili, macho. Nina miaka 46, na kijino cha mbele kimeanza kuota ukungu. Kwa mita 7 nilikuwa nikikisia, kwa 15 kukisia kunaumbuka. Daktari wa macho nilipomweleza umbali ninaotaka kuona, urefu wa mkono ulionyooka, alidhani naongelea simu. Sikumsahihisha. Tatu, inavunja moyo, hasa wale tuliozoea kusifiwa.

Neno moja kuhusu shabaha za chuma, zile zinazolia ting. Zinavutia sana kwa sababu hutembei kwenda kuangalia karatasi. Zikae mita 10 au zaidi kutoka ulipo, na kila aliye uwanjani avae miwani, hata anayechukua video. Vipande vya risasi hurudi.

Mita 25

Tarehe 21 Septemba 2013, washambuliaji wenye bunduki za AK-47 walipoingia Westgate, jengo la maduka hapa Nairobi, kati ya waliokimbilia ndani kuwatoa watu walikuwamo raia wenye leseni, wengi na bastola tu. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Tangu wakati huo, kila mjadala wa umbali Nairobi unafika Westgate, na haki yake: jengo lile lilikuwa na korido ndefu na uwazi wa katikati unaotazamwa kutoka kila ghorofa. Hapo 7 haina maana. Wengine watakutajia Indiana, Marekani, mwezi Julai 2022, ambako kijana wa miaka 22 alimzuia mshambuliaji wa bunduki kwenye duka kubwa akiwa umbali wa takriban yadi 40, karibu mita 37, kwa risasi 10 alizofyatua ndani ya sekunde chache.

Nayaheshimu yote mawili. Lakini nikijiuliza kwa ukweli, mimi mwenye miwani mipya na risasi 50 kwa mwezi, katika umati unaokimbia, nina kazi gani ya maana kushinda kumshika mtoto mkono na kutafuta mlango wa kutokea? Na nje ya mkasa wa namna hiyo, mita 25 ni umbali unaokuletea swali gumu kortini. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturudisha kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu kujitetea: je, hatari ilikuwa ya papo hapo, na je, nguvu uliyotumia ililingana nayo? Mtu aliye mita 25, asiye na bunduki, anakuachia muda wa kufunga mlango, kupiga kelele, kuwapigia polisi. Utaulizwa kwa nini hukufanya hivyo, na swali litakuwa la haki.

Basi 25 ni mtihani. Risasi 5 mwisho wa siku, polepole, bila saa. Ukizipata nne ndani ya karatasi ya A4, triga yako ina afya. Ukipata mbili, usijaribu tena siku hiyo, nenda kafanye mazoezi makavu, yaani yale ya bastola tupu, wiki mbili.

Ugawaji wangu, basi, wa boksi moja: 10 kwa mita 3, 15 kwa mita 7, 20 kwa mita 15, 5 kwa mita 25. Na ninaanzia 15, kabla mikono haijachoka, kisha 7, kisha 3, ile ya 25 nikiifungia siku. Wengi huanza karibu wakisogea mbali, wanafika kwenye kazi ngumu wakiwa wamechoka, wanalaumu bastola.

Wewe wa fleti unaweza kuhamisha 5 kutoka 15 kwenda 7, sitakugombeza, mradi 15 isife. Wa ploti ya 50 kwa 100 afanye kinyume, na apime pia gizani, maana mita 19 kutoka kibarazani hadi getini usiku ni kivuli tu, na taa ya usalama ya shilingi chache ina faida kuliko boksi zima. Anayehofia zaidi kunyang'anywa gari: umbali wako hauna mita, una sentimita, umefungwa mkanda, na mara nyingi mwenzake wa mnyang'anyi yuko upande wa pili usiyemwona. Toa ufunguo. Gari lina bima.

Aliyenishinda kumshauri ni yule mama wa Nyamakima. Mita 1 na nusu! Nilimwambia waziwazi kwamba kwake mambo ya 15 hayahusu, afanye kazi ya karibu na aache kupoteza risasi. Aliitikia kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza wakala wa bima.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi nyingine. Alikuwa amepima upya, safari hii akianzia kwenye grili na kutoka nje: kuvuka ngazi, kuvuka mkokoteni wa maji, hadi kwenye benchi la mama wa chai ng'ambo ya barabara, ambako wabeba mizigo hukaa kuanzia alfajiri.

“Afande,” akasema, “ni mita 14. Bango langu leo liweke 15.”